Ukienda kusoma Durham, panga kijijini

Kila mwezi wa Julai simu yangu huanza kulia. Ni mtoto wa jirani wa Buruburu, au mwalimu mwenzangu wa zamani, au mtu aliyepewa namba yangu kanisani. Amepata nafasi Chuo Kikuu cha Durham, kaskazini-mashariki ya Uingereza, anaondoka Septemba, na anataka kujua atalala wapi. Wengi nimewajibu tukiwa tumekaa mkahawani karibu na Archives, daftari mezani na chai ikipoa. Mwaka huu nimeamua kuyaandika, kwa mpangilio ule ule ninaoyasema.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nilisoma Durham mwaka mmoja, shahada ya uzamili. Miezi miwili ya kwanza nilikaa chumba cha chuo mjini, na kumi iliyobaki nikapanga Esh Winning, kijiji kilicho kilomita kama nane magharibi ya mji. Kwa hiyo ushauri wangu una upande, na bora uujue mapema: nenda ukaishi kijijini.

Chukua kalamu kwanza, uchore mto. Mto Wear unashuka kutoka milimani magharibi, unafika Durham na kukizunguka kilima kimoja karibu pande zote, kama mkono uliokumbatia kibuyu. Juu ya kilima kuna kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1093, na ng'ambo ya uwanja kuna kasri. Vyote viwili vimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1986. Chuo kilianzishwa mwaka 1832, na kasri hilo ni makazi ya wanafunzi mpaka leo. Chuo kimegawanywa katika kolegi 17, yaani jumuiya za wanafunzi zenye mabweni yake, na kila mwanafunzi ana kolegi yake hata kama halali humo. Hilo liweke akilini, maana ndilo linalokuruhusu kukaa kijijini bila kupoteza kitu: utaitwa kwenye chakula cha usiku cha majoho kama wengine, kisha utapanda basi urudi kwako.

Sasa chora duara kubwa kuzunguka mji. Humo ndani weka nukta nyingi: Ushaw Moor, Esh Winning, Langley Moor, Bowburn, Sherburn, Lanchester, na mashariki kabisa, pwani, Horden na Easington. Vingi kati ya vijiji hivi vilizaliwa na makaa ya mawe. Mgodi ulichimbwa, nyumba zikajengwa kando yake, halafu kanisa, klabu na shule. Hata lile neno Winning katika jina la kijiji changu ni la wachimbaji, maana yake ni mahali makaa yalipofikiwa. Migodi yote imefungwa. Wa Easington, mmoja wa ile ya mwisho kabisa, ulifungwa mwaka 1993. Nyumba zimebaki, na ndizo utakazopanga.

Kabla hujaondoka Nairobi

Karatasi nitazipitia upesi, kwa sababu kanuni hubadilika na ni lazima uzisome mwenyewe kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza wiki unayoomba viza. Lakini haya yatakuchelewesha usipoyajua. Cheti cha kifua kikuu hutolewa kwenye kituo cha IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, hapa hapa Nairobi na hudumu miezi sita, basi usikimbilie Januari kwa safari ya Septemba. Pesa za kujikimu zinatakiwa zikae katika akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Shangazi akikukopesha leo na kuzitoa wiki ijayo, umeanza upya. Ada ya huduma za afya hulipwa pamoja na viza, ya kipindi chote kwa mkupuo mmoja, na ni kubwa, kwa hiyo iingize kwenye hesabu ya harambee tangu mwanzo. Viza yenyewe sasa ni ya kidijitali: fungua akaunti yake na uhakikishe inafunguka kabla ya kufika uwanjani. Na kama wewe ni mzazi unayefuata uzamili wa darasani, jua kwamba tangu Januari 2024 huwezi kuandamana na mwenzio wala watoto. Hilo lizungumzeni nyumbani mapema, kwa upole, kabla ya kulipa ada yoyote.

Koti nunua Gikomba. Siongei juu ya bei tu, ingawa langu nililipata kwa shilingi 1,200 baada ya kubishana nusu saa. Ni kwamba makoti mazito ya mitumba yaliyolala pale yalishonwa kwa ajili ya baridi yenyewe. Tafuta lenye kofia, linalofika chini ya makalio, na zipu isiyokwama. Viatu vya ngozi vya ofisini viache, maana vichochoro vya mawe mjini Durham vina mteremko na vikilowa huteleza. Unga unaweza kubeba, lakini Newcastle, umbali wa dakika kumi na tano hivi kwa treni, kuna maduka ya Waafrika yenye unga na maharagwe. Nyama na maziwa usibebe, hata samli ya mama, yatachukuliwa mpakani. Mbegu za sukuma pia ziache, zinahitaji cheti cha afya ya mimea. Sukuma tutaizungumzia.

Ukipitia Amsterdam au Dubai unaweza kushukia Newcastle moja kwa moja. Mimi nilipitia London na ningefanya hivyo tena, kwa sababu ya treni. Kutoka stesheni ya King's Cross ni kama saa tatu, na muda mfupi kabla ya Durham treni hupita juu ya daraja refu la mawe, mji wote ukiwa chini yako. Keti upande wa kulia, dirishani. Kanisa litatokea ghafla, karibu kuliko ulivyotarajia.

Kuchagua nyumba

Usilipe nyumba ya kijijini ukiwa Nairobi. Picha haina harufu. Chukua chumba cha kolegi kwa muhula wa kwanza, au hata wiki chache wakikuruhusu, halafu uende na miguu yako ukaangalie.

Nilipoingia Esh Winning mara ya kwanza nilisimama barabarani nikashindwa kuendelea. Nilikulia Makongeni, baba yangu akiwa fundi wa Reli. Anayejua nyumba za Reli anajua ninachosema: zimepangwa mstari, zinafanana, mwajiri ndiye aliyezijenga, na baba akistaafu mnafungasha. Na hapa, maili elfu kadhaa kutoka Jogoo Road, kulikuwa na mistari ya nyumba za matofali, ukuta kwa ukuta, mlango wa mbele ukifungukia barabarani, nyuma uwanja mdogo, na nyuma ya uwanja kichochoro. Vyumba viwili chini, viwili juu. Kampuni ya mgodi ilijenga, mchimbaji akaishi, na kazi ilipokwisha nyumba nayo ilikuwa mashakani. Nilijua nitaishi pale kabla sijaona jiko.

Lakini jiko liangalie. Angalia zaidi pembe za ukuta wa chumba cha nyuma, ule usiopata jua. Ukiona rangi mpya iliyopakwa kipande kimoja tu, chini yake kuna kuvu. Nyumba hizi ni baridi na unyevu haupati pa kutokea. Mwaka ule nilianika nguo zangu zote ndani juu ya hita, madirisha nimefunga kwa sababu ya baridi, na kufikia Desemba ukuta ulikuwa mweusi na kifua kinaniuma. Mwenye nyumba alisema kosa ni langu, mimi nikasema ni la ukuta. Ukweli ni kwamba kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Fungua dirisha dakika kumi kila asubuhi, hata barafu ikiwa nje, na upige picha za kila ukuta siku unayopokea ufunguo.

Uliza mita. Nyumba nyingi za kupanga zina mita za kulipia kabla, na mtu wa Nairobi huchangamka akiziona kwa kuwa anazijua tokeni. Tofauti ni mbili. Mita huwa mbili, ya umeme na ya gesi, na gesi ndiyo inayopasha nyumba joto, kwa hiyo ndiyo itakayokula pesa. Pili, kuna ada ya kila siku inayokatwa hata kama hujawasha taa. Nilikwenda kwa binamu Birmingham wiki mbili za Krismasi nikidhani nimeacha akiba. Niliporudi, ada ilikuwa imeila yote, gesi imejifunga, na nikalala na koti la Gikomba.

Amana kisheria haizidi kodi ya wiki tano, na mwenye nyumba anatakiwa kuiweka kwenye mpango uliosajiliwa wa kulinda amana ndani ya siku 30, kisha akupe maelezo yake kwa maandishi. Uyadai bila aibu. Wengi watataka mdhamini anayeishi Uingereza, jambo ambalo wengi wetu hatuna. Liulize chuo mapema, usingoje siku ya kutia sahihi. Kodi ya baraza la kaunti mwanafunzi wa muda wote hailipi, ila huna budi kuomba cheti chuoni na kukipeleka, la sivyo bili itakuja kwa jina lako. Na mapipa ya taka: wiki moja hutoka la taka za kawaida, wiki nyingine la vitu vya kutumika tena, na hutolewa nje usiku wa kuamkia siku yenyewe. Ukilitoa lisilo lake, jirani atakugongea mlango. Mfungulie vizuri, ndivyo nilivyompata rafiki yangu wa kwanza.

Basi

Basi la kijijini si matatu. Haliji kwa sababu abiria wapo, linakuja kwa sababu saa imefika, na halimngojei mtu anayekimbia huku akipunga mkono. Ukiwa kituoni, nyoosha mkono, la sivyo dereva huenda akapita. Ukishuka, mshukuru dereva kwa sauti. Kila mtu hufanya hivyo, hata watoto wa shule.

Kabla hujatia sahihi nyumba yoyote, tafuta saa ya basi la mwisho, ya siku za kazi na ya Jumapili, maana hazifanani. Usiku mmoja wa Januari nilikaa maktaba nikinyoosha sura ya kwanza ya tasnifu mpaka nikalikosa. Nikatembea. Kuna njia nzuri sana ya miguu iliyokuwa reli ya makaa, inafuata bonde la Deerness kutoka Broompark, kupitia Ushaw Moor hadi Esh Winning na kuendelea mpaka Crook. Mchana ni raha, tambarare, bila gari hata moja. Usiku haina taa hata moja. Nilitumia karibu saa mbili, mwanga wa simu ukizimika polepole, na tangu siku hiyo nilibeba tochi kwenye mkoba mpaka nilipoondoka.

Giza lenyewe lipangie. Sisi jua letu huzama saa kumi na mbili na nusu, mwaka nenda mwaka rudi, na mwili umezoea hivyo. Durham mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa tisa na dakika arobaini alasiri. Toka nje saa sita mchana kila siku, hata kwa robo saa, hata kama kuna mawingu. Niliwaona Wakenya wenzangu wawili wakilala mchana na kukesha usiku mpaka masomo yakawashinda, wakidhani ni uvivu. Juni mambo hugeuka, jua likizama saa nne kasoro usiku, nawe utahitaji pazia zito. Na kumbuka saa za nyumbani: Nairobi iko mbele saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi, mabadiliko yakifanyika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Mama yangu alikasirika mara mbili kabla sijalishika hilo.

Kuishi na watu

Wiki ya kwanza nilifanya alivyonifunza mama: nilibisha nyumba ya kulia na ya kushoto, nikajitambulisha, na kila nyumba nikaiachia pakiti ya majani ya chai ya Kericho. Fanya hivyo. Wale ni watu wa chai kama sisi.

Kiingereza chao kitakushangaza, wewe uliyepata alama nzuri za lugha. Mtoto ni bairn, kwenda ni gan, ndiyo ni aye. Mama wa dukani atakuita pet, na bibi wa jirani aliniita mimi, mwanamume mzima, hinny. Ni kama bibi zetu wanavyosema mjukuu wangu, basi lipokee hivyo. Usipoelewa, omba warudie. Hawachoki kurudia, wanachokichukia ni mtu anayeitikia tu asichokielewa.

Mzee wa nyumba ya kushoto alikuwa mchimbaji. Mgomo wa wachimbaji, kuanzia Machi 1984 hadi Machi 1985, kwake ulikuwa kama wa juzi. Ukipata mzee wa aina hiyo, msikilize zaidi ya kuuliza, na usiulize kamwe nani alirudi kazini kabla ya mgomo kwisha. Kuna ndugu ambao hawajasemezana mpaka leo. Ukienda Easington, tembelea makaburi ya mlipuko wa Mei 1951, ulioua watu 83, wawili kati yao wakiwa waokoaji. Mwaka huo huo wa 1951 mpango wa kaunti uliviweka vijiji katika madaraja, kuanzia A hadi D. Vya daraja la D, zaidi ya 100, visingejengwa tena, vingeachwa vife. Mtu wa Nairobi aliyewahi kuamka na kukuta X nyekundu kwenye ukuta wake hahitaji kufafanuliwa hilo. Baadhi ya vijiji hivyo vilikataa kufa na vipo. Nilipomweleza mzee habari za X, alikaa kimya, kisha akaniongezea chai.

Ndiye aliyenipeleka shambani. Pembeni mwa vijiji hivi kuna vishamba vya kukodi vilivyopangwa safu safu, kila kimoja na kibanda chake, wengine wakifuga njiwa wa mashindano. Zao la fahari ni liki, mboga ya jamii ya kitunguu, nene kama mkono, zinazopimwa na kushindanishwa kila Septemba, na mbolea ya mtu ni siri yake. Orodha ya kungojea kishamba huwa ndefu, lakini wazee wengine nguvu zimewapungua na watakupa tuta moja ukisaidia kulima. Mimi nilipanda keli, majani yaliyojikunja, ndugu wa karibu wa sukuma. Mmea huu hauogopi baridi, na baada ya barafu ya kwanza majani huwa matamu zaidi. Nilikata nyembamba kama mama mboga, nikakaanga na kitunguu na nyanya, nikampelekea mzee na ugali. Ugali hakuupenda. Mboga alirudia.

Usikose

Ukifanya uzamili utakuwa bado unaandika tasnifu mwezi wa Julai. Jumamosi ya pili ya mwezi huo, acha kuandika. Ni siku ya mkutano mkuu wa wachimbaji, unaofanyika tangu 1871. Fika mjini kufikia saa mbili asubuhi, maana barabara hufungwa. Kila kijiji huingia na bendi yake ya tarumbeta na bendera kubwa ya hariri iliyochorwa, inayobebwa na watu kadhaa, na desturi ni kwamba mwaka wa msiba mgodini bendera ilifungwa kitambaa cheusi. Migodi haipo, bendera bado zinakuja. Alasiri baadhi huingizwa ndani ya kanisa kuu, bendi zikipiga polepole, na ukiweza kupata nafasi ndani, kaa.

Siku nyingine panda treni, ubadilishe Darlington, ushuke Shildon. Tarehe 27 Septemba 1825 injini ya George Stephenson iliondoka hapo ikivuta makaa na watu kuelekea Stockton, safari ya kwanza ya reli ya umma iliyotumia injini ya mvuke. Kuna makumbusho ya bure. Nilimpigia baba nikiwa nimesimama kando ya reli, nikamwambia nilipo. Hakusema lolote juu ya historia. Aliuliza upana wa reli. Nilipomtajia milimita 1,435 alicheka, akasema basi ni ile ile ya SGR. Ni kweli: kipimo hicho kilitokana na njia za magari ya makaa ya kaskazini-mashariki ya Uingereza, wakati reli aliyoitumikia yeye miaka yote, ile iliyofika Nairobi mwaka 1899, ni ya mita moja tu.

Milimani magharibi, Weardale na Teesdale, nenda angalau mara moja kuona maporomoko ya High Force. Yana mita 21 tu, mtu aliyezoea maporomoko ya Nyahururu hatashtuka, lakini njia ya kuyafikia kwa miguu ni nzuri. Ukiona kibao cha njia ya umma kinachoingia shamba la mtu, ingia bila hofu, sheria inakuruhusu. Funga kila geti ulilolifungua, na Aprili, kondoo wakiwa na watoto, pita mbali nao.

Siku ya kuondoka, piga picha za mita zote mbili na za kuta zile zile ulizopiga mwanzo, na kishamba kikabidhi kwa mwenyewe kikiwa kimepaliliwa. Ukiwa unashuka kwenda London, treni itapita juu ya lile daraja mara tu ikitoka stesheni, kwa hiyo usianze kupanga mizigo. Safari hii keti upande wa kushoto.